Kofia ya gego: mbona swali la kwanza ni rangi?

Wiki mbili zilizopita iliingia kazi kwenye maabara ya meno ninapofanya kazi, impresheni (alama ya jino iliyochukuliwa mdomoni) ya gego la kwanza la chini, na pembeni yake kwenye kimfuko ile kofia ya zamani, yani kifuniko kinachovikwa juu ya jino lililochongwa, imekatwa katikati. Ya chuma. Nikaigeuza geuza kwenye taa, haijatoboka, ukingo umekaa vizuri, sehemu ya kutafunia imelika kidogo tu kama shilingi iliyozunguka sana mikononi mwa watu. Fomu inasema iwekwe zikonia, ile kauri ngumu nyeupe, sababu mgonjwa hataki chuma. Basi. Mdomo ni wake na hela ni yake, sikatai, lakini nilipomimina plasta nikaliona lile jino jinsi lilivyochongwa tena upya, limebaki kisiki, nikabaki najiuliza kama kuna mtu alimkalisha akamwambia weupe ule analipa na nini, maana hela ni sehemu tu ya malipo.

Sa hivi ukimtajia mtu kofia ya chuma anakuangalia kama umemwambia arudi kwenye redio ya kaseti. Matangazo yote ni zikonia, nyeupe, haina chuma, ngumu kuliko chuma, na mimi zikonia ndo inayonilisha kwa hiyo sina ugomvi nayo hata kidogo. Ila kuna mambo yanasemwa nusu nusu.

Wanaoikataa chuma wana hoja, tena nzito. Kofia nyingi za bei ya chini zimetengenezwa kwa nikeli na kromu, na nikeli kuna watu inawaletea mzio, hasa kina dada waliotoboa masikio wakavaa hereni za bei rahisi sikio likawasha mpaka likatoa maji. Mtu wa hivyo usimpe nikeli mdomoni, mtafutie kitu kingine, hakuna mjadala. Alafu kuna zile za chuma ndani kaure nje, zimetamba tangu miaka ya 60, kaure inabanduka kipande unabaki na chuma kinachungulia, au fizi inashuka kidogo unaona mstari wa kijivu. Zikonia ya kipande kimoja bila kaure juu yake, ilipoanza kusambaa kuelekea 2010, iliondoa shida zote hizo mbili kwa mpigo. Na meno ya mbele hatujadili, hakuna mwenye akili timamu atakushauri chuma pale, mimi huko hata zikonia mara nyingi naiacha nachukua lithiamu disiliketi, kauri ya aina ya kioo, kwa sababu inapitisha mwanga kama jino. (Na mtu wa Arusha au Kilimanjaro aliyekulia maji yenye floraidi nyingi, meno yana kahawia yake, ukimpa kofia moja nyeupe pe inakuwa kama kigae kipya kwenye ukuta wa zamani, pale rangi inapakwa kwa mkono na kwa subira.)

Lakini gego la nyuma kabisa, nani analiona? Mimi nashika meno ya watu kila siku na bado siwezi kukwambia magego ya mke wangu yana rangi gani.

Hapa ndo nataka tuzungumze milimita. Enameli, lile gamba gumu, juu ya vilima vya gego ina unene wa milimita 2 mpaka 2.5 hivi, na kadri inavyoshuka kwenda kwenye fizi inazidi kuwa nyembamba mpaka inaisha. Kofia ya chuma tupu inataka jino lipunguzwe juu milimita 1 mpaka 1.5, na pembeni nusu milimita inatosha. Ile ya chuma na kaure inataka mpaka 2 juu, na pembeni upande wa kaure 1.2 mpaka 1.5. Sasa nusu milimita ni kitu gani? Chukua kadi yako ya benki, ina unene wa 0.76. Yani pembeni chuma inataka chini ya kadi moja, kaure inakaribia kadi mbili, kuzunguka jino lote upande huo, na chini ya enameli pale ni dentini yenye vijimirija vinavyoelekea kwenye neva. Ikichongwa hairudi. Na ukichonga juu ndo urefu unaondoka, na kofia inashika kwa urefu wa kisiki, gego likibaki chini ya milimita 4 hivi kofia inaanza kuwa mgeni, leo ipo kesho imetoka na ugali. Toa milimita moja kwenye kisiki cha milimita nne umeshapoteza kama robo ya mshiko mzima, kwa ajili ya rangi.

Mtu wa zikonia atanijibu, ngoja, zikonia nayo inakubali kuwa nyembamba, na hapo yuko sahihi. Ile ngumu, nguvu yake ya kuhimili kuvunjika inavuka megapaskali 1,000, unaweza kuifanya milimita moja juu, na wapo watengenezaji wanaoruhusu mpaka nusu. Ila ile ngumu haipitishi mwanga vizuri, ina weupe wa chaki. Ile nzuri inayopitisha mwanga, ambayo ndo ipo kwenye picha za matangazo, imeongezewa itria, kiungo kinachoifanya ipitishe mwanga, na nguvu yake inashuka karibu nusu, kwa hiyo inataka unene zaidi, kwa hiyo jino linachongwa zaidi. Mgonjwa anaonyeshwa picha ya moja anasomewa namba ya nyingine. Sidhani kama ni utapeli kila mara, wengine hata wao hawajui kama ni vitu viwili, lakini matokeo yanakuja mezani kwangu, kazi imeandikwa zikonia nzuri na nafasi niliyoachiwa ni ya chuma. Nipige simu daktari amwite mgonjwa achongwe tena, au niitengeneze hivyo hivyo nimwombee asiwe mtu wa kusaga meno usiku.

Na kama siku moja neva ikianza kuuma chini ya kofia, chuma inatobolewa, inatibiwa mzizi, inazibwa. Zikonia nayo inatobolewa ila inamaliza vichwa vya almasi vya mashine na mda, na kwenye kuitoa nzima nzima nimeshasikia madaktari wakiilaani kwa lugha ambayo siiandiki hapa.

Kuna namba moja ambayo huwa inanikaa sana kichwani. Mwaka 2002 Aquilino na Caplan, Marekani, walifuatilia meno yaliyotibiwa mzizi, wakakuta yale ambayo hayakuvikwa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 ya yale yaliyovikwa. Mara sita. Unaweza kubisha, ni utafiti wa kufungua mafaili ya nyuma, pengine waliovikwa walikuwa na meno mazima zaidi toka mwanzo, ila hilo walijaribu kulisawazisha kwenye hesabu zao na bado sita ikabaki pale. Tafsiri yangu kwa mazingira yetu ni hii: wanasema kofia, hawajasema kofia nyeupe. Mtu anatibiwa mzizi, anaambiwa sasa bado zikonia, anatajiwa bei, anasema nitarudi mwisho wa mwezi. Harudi. Jino lililotolewa neva limeshakuwa na shimo kubwa katikati, kuta zimebaki nyembamba, siku moja anatafuna mfupa wa kuku linapasuka mpaka chini ya fizi, na hapo ni kung'oa tu, hela ya mzizi nayo imeenda. Huyu mtu kama angeambiwa kuna chuma, inamiminwa maabara za kawaida, haihitaji mashine ya kuchonga kwa kompyuta wala tanuri la nyuzi 1,500 linalochoma zikonia, bei yake iko chini, nina uhakika wengi wangesema weka. Hawaambiwi kwa sababu tumeshaamua kwa niaba yao kwamba chuma ni aibu.

Na aibu yenyewe imetoka wapi? Bibi zetu wa pwani jino la dhahabu lilikuwa pambo, mtu anacheka makusudi lionekane. Dhahabu ndo chuma bora kuliko vyote kwa gego, haili jino linalokutana nalo, inakaa kwenye ukingo kama imeyeyukia pale, ila wakia moja ilivuka dola 4,000 Oktoba 2025, ambayo ni karibu dola 130 kwa gramu, na gego linakula gramu mbili tatu za aloi, kwa hiyo tuwaachie wenye nazo. Wanaume Waislamu wananiuliza sana kuhusu hukumu yake, mimi sio sheikh, nawakumbusha tu hadithi ya sahaba Arfaja, pua yake ilikatwa kwenye vita vya Kulab, akaweka ya fedha ikanuka, Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu, na wanazuoni wengi wamepitia hapo kuruhusu jino la dhahabu likiwa la haja. Yaliyobaki akamuulize anayemwamini.

Kwa hiyo mimi ukinikalisha kwenye kiti, gego la nyuma, jino la saba kutoka katikati, fupi, limetibiwa mzizi, sina mzio wa nikeli, nipe chuma na usinichonge zaidi ya inavyotaka. Gego la mbele zaidi linaloonekana nikicheka, nafasi ipo, nipe zikonia na nitashukuru.

Ile kazi ya wiki mbili zilizopita nimeshaimaliza. Nilichukua zikonia ile ngumu, nikampigia daktari nikamwambia rangi haitakuwa ya kwenye picha, akasema sawa atamweleza. Sehemu ya kutafunia nimeipolishi kwa mkono karibu saa nzima, kwa sababu zikonia ikiachwa na gilezi tu, ule mng'ao unaopakwa juu, gilezi inaondoka, chini inabaki mkwaruzo unaosaga jino la juu yake, na hilo la juu bado ni zima, halijaguswa na mtu.