Chaja ya buku tatu na redio ya mzee

Nyumba ninayopanga kuna mzee yuko chumba cha pili kutoka changu, ana redio ya zamani ile ya bendi tatu, na kila jioni lazima atege taarifa ya habari kwenye masafa mafupi, ndo ibada yake. Juzi kati kaja kunigongea, "Fundi, redio imekufa." Nikaifungua, sijaona kitu. Nikaitoa uani na betri zake, inaongea safi kabisa. Tukirudi ndani inakoroma kama pikipiki isiyo na eksozi.

Nikaanza kuchomoa kitu kimojakimoja ukutani. Nilivyochomoa chaja ya simu kelele zikashuka karibu nusu. Nikamuuliza, mzee hii umeitoa wapi, akasema kaletewa na mjukuu, buku tatu tu, Kariakoo, na inajaza haraka kweli.

Sasa mimi chaja za hivi nimefungua nyingi na hii nayo nikaifungua, maana nilijua nitakachokikuta. Kwenye bodi wameprinti sehemu ya koili, imeandikwa LF1, na matundu yake yapo, ila koili hakuna, wameruka na vipande viwili vya waya. Sehemu ya kapasita ya njia ya umeme ipo tupu. Fyuzi? Kuna rizista ndogo ambayo ndo inajifanya fyuzi. Halafu kati ya upande wa umeme wa 230 na upande unaoenda kwenye simu, nafasi kwenye bodi haifiki milimita moja, wakati kiwango cha kimataifa cha usalama (kile cha zamani cha IEC 60950, ambacho siku hizi nafasi yake imechukuliwa na 62368-1) kwa umeme kama wetu kilikuwa kinataka kama milimita 5.

Hapo ndo nataka tuelewane. Watu wakisikia "viwango" wanafikiri ni kitu kimoja, eti isikupige shoti. Ni vitu viwili. Kimoja ni usalama, kifaa kisikuue wala kisiunguze nyumba. Cha pili ni hiyo ishu ya kelele, kifaa kisivuruge vifaa vingine na chenyewe kisivurugwe. Chaja inachukua umeme inaugeuza DC, yaani umeme wa kwenda upande mmoja kama wa betri, halafu kuna transista inakata na kuwasha makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na huo mkato ni kelele, unapanda kwenye nyaya za ukutani na nyaya zinageuka antena. Ile koili iliyokosekana kazi yake ni kuziba hizo kelele zisitoke. Kuna kamati inaitwa CISPR ilianzishwa 1934, zamani hizo, kwa sababu hiihii ya kulinda wasikilizaji wa redio, na mpaka leo vipimo vya kelele za kwenye waya vinaanzia kilohezi 150 mpaka megahezi 30, ndo humohumo mzee anamotegea stesheni yake. Na kipimo chao kimoja kiliundwa kufuata sikio la mtu linavyokereka, yaani mlio mmoja wa mara mojamoja wanausamehe kidogo, ukirudiarudia haraka unahesabiwa mkali. Mi nilivyosoma hiyo nikacheka, kumbe kuna mtu alikaa akapima kero.

Sasa kuna kitu kimoja kidogo cha bluu, kapasita, huwa kinavuka kutoka upande wa umeme kwenda upande wa simu. Hiki ndo kinanifanya niandike yote haya. Kimewekwa kwa ajili ya kelele, kuzipa njia ya kurudi zilikotoka, lakini maisha yako yanakaa juu yake, kwa sababu kikijishikanisha ndani, umeme wote wa ukutani uko kwenye kebo ya simu uliyoishika na mkono wenye jasho. Ndo maana inatakiwa iwe ya daraja Y, zile zilizojaribiwa kwamba hata zikifa zife zimekata njia ya umeme, siyo zimeiunganisha. Kwenye chaja ya mzee kulikuwa na kapasita ya kawaida tu, ya kilovoti 1, isiyo na alama yoyote ya daraja. Kwa hiyo aliyeunda hii kitu kelele hajaziba na usalama kauharibu, kwenye kipande cha bei ya pipi.

(Kabla hamjaanza kutupa chaja: ile simu ya bati kukutekenya ukiwa unachaji, hata chaja nzuri inafanya. Ni huyohuyo kapasita anapitisha kaumeme kadogo sana, kiwango cha zamani kiliruhusu robo ya miliampia. Tofauti ni kwamba kwenye chaja nzuri hako kaumeme hakawezi kuzidi hapo.)

Na ile stori ya CE, alama ya Ulaya ya kusema kifaa kimetimiza masharti yao, kwamba herufi zikikaribiana maana yake "China Export", wajameni, iacheni. Tume ya Ulaya ilishaulizwa ikasema haijui alama kama hiyo, ni watu tu wanabandika CE vibaya. Na hata ikibandikwa vizuri, kwa vifaa vingi kama hivi ni mtengenezaji mwenyewe anajitangazia kwamba katimiza masharti. Kuprinti herufi mbili ni rahisi kuliko kununua koili.

Kinachonikera mimi ni hii tabia ya kumwambia mnunuzi "nunua orijino". Atajuaje? Hawezi kufungua chaja dukani. Cheti nacho kinatolewa kwa sampuli iliyopimwa, na sampuli inaweza kuwa na koili yake na fyuzi yake vizuri, halafu mzigo wa kontena unakuja na waya za kurukia, bodi ileile, boksi lilelile. Yale matundu matupu kwenye bodi ndo ushahidi, mchoraji alijua kabisa kinachotakiwa, kuna mtu baadaye akakata. Kwa hiyo mi naona ukaguzi wa karatasi na wa bandarini ni sawa uwepo, ila watu wa viwango waende pia dukani, wanunue kama mteja, wavunje pale mezani. Kuona koili haipo hakuhitaji maabara, mwanafunzi wa VETA mwenye bisibisi anaona. Mashine kubwa zibaki kwa zile ambazo ndani kila kitu kipo.

Kwa sababu kwa uzoefu wangu, aliyebana koili huwa kabana na kwingine. Sisemi redio ikikaa kimya basi chaja ni salama, hapana, zile za zamani nzito zenye transfoma ya chuma zilikuwa kimya na bado nyingine zilikuwa hatari. Nasema ikikoroma, fungua uangalie.

Shida ni kwamba hakuna anayelalamika. Chaja mbovu kwa usalama itamuumiza mwenyewe, siku moja, labda. Mbovu kwa kelele inamuumiza jirani kila siku, na jirani anadhani redio yake imezeeka.

Maana hata baada ya mzee kupata chaja nyingine, ile nusu ya kelele ilibaki. Nikatembea na redio koridoni kama mtu anayetafuta mtandao, nikafika mlango wa dada wa chumba cha mwisho, redio ikapiga ukunga. Balbu ya LED, buku mbili, mpya. Nikamweleza. Akaniangalia, akaangalia balbu, akasema, "Kaka, mbona inawaka?"

Nikakosa jibu. Tumeelewana awe anaizima saa ya taarifa ya habari, na kwa kweli anazima, akikumbuka.