Bahia: walipigania kura, kisha wakaiuza timu

Desemba 2022 wanachama wa Esporte Clube Bahia ya Salvador, kaskazini mashariki mwa Brazil, waliulizwa kama wakubali kuuza asilimia 90 ya kampuni ya soka ya klabu yao kwa City Football Group, wamiliki wa Manchester City wenye fedha za Abu Dhabi. Zaidi ya asilimia 98 ya waliopiga kura walikubali. Wengi wa waliokubali ni watu walewale waliohangaika miaka mingi ili wapate haki ya kuulizwa chochote, na hilo ndilo linalonifanya nisiipokee habari hii kwa shangwe tupu.

Bahia haikuwa timu ya kuokotwa. Ilianzishwa mwaka 1931 na wachezaji walioachwa bila timu baada ya klabu mbili za mjini kufunga idara zao za soka. Mwaka 1959 ilifika fainali ya Taça Brasil, mashindano ya kwanza ya ubingwa wa taifa, ikaifunga Santos 3-2 huko huko Santos, ikalala 2-0 nyumbani, kisha ikashinda 3-1 katika mechi ya tatu kwenye uwanja wa Maracanã jijini Rio, Machi 1960. Ikawa klabu ya kwanza ya Brazil kucheza Libertadores, kombe la klabu bingwa za Amerika Kusini. Ubingwa wa pili ni wa msimu wa 1988: chini ya kocha Evaristo de Macedo, mchezaji Bobô alifunga mabao mawili katika fainali dhidi ya Internacional, na sare tasa ya marudiano huko Porto Alegre, nyumbani kwa Internacional, ikamaliza kazi. Katika nchi ambayo fedha na kamera ziko Rio na São Paulo, mafanikio hayo yana uzito wake.

Kisha ikaporomoka. Viongozi walipeana madaraka wao kwa wao huku mwanachama wa kawaida akiwa hana sauti, na kufikia 2006 Bahia ilikuwa daraja la tatu. Tarehe 25 Novemba 2007, siku timu ilipopanda kutoka huko, sehemu ya jukwaa la uwanja wa Fonte Nova ilivunjika na mashabiki 7 wakafa. Uwanja ulikuwa mali ya serikali ya jimbo, kwa hiyo si haki kuwatwika viongozi wa klabu msiba ule. Lakini watu waliojaa uwanjani kuitazama timu ya daraja la tatu walistahili kuheshimiwa zaidi, na klabu yao, na serikali yao pia.

Mwaka 2013 mahakama iliuondoa uongozi. Wanachama wakapitisha katiba mpya na kumchagua rais kwa kura ya moja kwa moja. Kilichofuata ndicho ninachokithamini kuliko kombe. Klabu ya jiji lenye watu weusi wengi ilianza kusema waziwazi juu ya ubaguzi wa rangi, na mwaka 2019 mafuta yalipochafua fukwe za kaskazini mashariki, wachezaji waliingia uwanjani na jezi zenye madoa ya mafuta.

Hata hivyo wanaoitetea biashara ile wana hoja nzito. Demokrasia haikulipa madeni yote wala haikuizuia timu kushuka daraja tena mwaka 2021. City waliahidi bilioni 1 za reais, fedha ya Brazil, kwa miaka 15. Msimu wa kwanza nusura mambo yaharibike, kwani Bahia ilinusurika siku ya mwisho kwa kuifunga Atlético Mineiro 4-1. Mwaka 2024, chini ya kocha Rogério Ceni, ilimaliza ya 8 katika ligi kuu na kurudi Libertadores baada ya miaka 36. Mwaka 2025 ikachukua ubingwa wa jimbo lake, linaloitwa Bahia pia, na Copa do Nordeste, kombe la klabu za kaskazini mashariki. Shabiki aliyeipenda timu hii ikiwa daraja la tatu ana kila sababu ya kufurahi, na simlaumu.

Ningekuwa mwanachama, nami ningepiga kura ya ndiyo, ila kwa moyo mzito. Bahia sasa ni mmoja wa ndugu wengi katika familia ambayo mkubwa wake yuko Manchester, na siku maslahi yatakapogongana, uamuzi hautatolewa Salvador. Mmiliki wa mbali pia hana sababu kubwa ya kuumizwa na yanayozipata fukwe za jimbo la Bahia.

Ndiyo maana ile asilimia 10 iliyobaki kwa chama cha wanachama isipuuzwe. Kwa sheria ya kampuni za soka ya 2021, bila idhini ya chama hakuna anayeweza kubadili jina, nembo, rangi wala kuihamisha timu kwenda mji mwingine. Wanachama bado wanamchagua rais wao. Desemba 2023 walimchagua kipa wa zamani, Emerson Ferretti. Hoja kwamba chama sasa ni pambo tu inanisumbua kuliko mkataba wenyewe, kwa sababu mwanachama anayeacha kulipa ada eti timu imeshapata tajiri anawaachia City hata kile ambacho sheria imewanyima.