Ukwaju Juu ya Reli

Mie mtoto wa Bububu, Unguja, na Bububu hukui bila kuhadithiwa treni. Reli ilijengwa mwaka 1905, maili saba kutoka Ngome Kongwe mpaka kwetu, na hadi leo watu wanabishana barazani kama jina la mji limetokana na mlio wa treni ile au na chemchem. Nyumbani kwetu ni treni. Jirani yangu anasema chemchem, ndiyo maana salamu zetu huwa fupi.

Basi binamu yangu aliyeko Uingereza akaniletea kichwa cha treni cha kuchezea, kimepunguzwa mara 87, lakini mpaka taa za mbele zipo. Akapiga simu: "Reli nikununulie za shaba njano au za nikeli silva?"

Niliposikia silva nikaruka. "Bwana wee, nitandike fedha juu ya plaiwudi? Hiyo si mahari ya mtu? Lete shaba!"

Akajaribu kunieleza, mie nikamkatiza kwa kuwa nilikuwa najua. (Nikeli silva haina hata chembe ya fedha, ni shaba nyekundu, nikeli na zinki. Hayo nilikuja kuyajua baadaye, kama yote ninayoyajua.) Na isitoshe, Unguja sie na shaba ni damu moja: misumari ya milango ya Mji Mkongwe shaba, sinia la Bi Mkubwa shaba, buli shaba. Treni ya Bububu itapita juu ya nini kingine?

Zikaja za mtumba, vipande kumi na viwili vya kupinda na vingine vinyoofu. Nikaziunga ukumbini, kwenye dirisha linaloangalia bahari ili treni ipate mandhari. Siku mbili ikazunguka vizuri. Siku ya tatu ikawa inakwenda hatua mbili inasita, kama mtu aliyesahau ufunguo. Ya tano, kimya.

Treni hizi hula umeme kutoka kwenye reli zenyewe, volti 12, unapanda kupitia magurudumu. Shaba ikivaa kutu yake ile nyeusi, umeme haupiti. Na upepo wa bahari pale dirishani ulikuwa umeipaka chumvi usiku na mchana.

"Shaba imefifia tu," akasema Bi Mkubwa. "Ukwaju, mwanangu."

Nani atabishana naye? Sinia lake unajiona sura. Nikaroweka bonge la ukwaju, nikakaa mpaka saa sita ya usiku nasugua reli moja moja, na kitambaa cha kufutia nikaona cha nini, ukwaju ukikaa usiku kucha si utang'arisha zaidi?

Asubuhi reli zilikuwa zinawaka. Nikaita watoto wa dada, nikaita barazani, nikamwita hata yule jirani wa chemchem, makusudi. Nikawasha. Kichwa kikanguruma, kikasogea kama shubiri moja, magurudumu yakaanza kuteleza pale pale: zzzz, zzzz. Nikainama. Ukwaju ulikuwa umeganda juu ya reli kama jemu. Na kutoka ukutani, kwa msururu mmoja ulionyooka, sisimizi walikuwa wanakuja, wanapanda reli, wanazunguka duara zima, hawasukumani.

"Mjomba," akasema mdogo wao, "abiria wameshafika. Treni iko wapi?"

Jirani hakucheka. Alisema tu, kwa upole, "Yakhe, ndiyo nilikwambia ni chemchem," akavaa viatu vyake.

Nilipotoka msikitini adhuhuri nikakuta Bi Mkubwa amezifungua reli zote, amezitia kwenye beseni la maji ya sabuni, na sasa zimeanikwa uani juu ya ungo, baina ya kanga na kanzu yangu.

Binamu nimempigia. Nikeli silva zinakuja, na dirisha tutalifunga. Zile za shaba Bi Mkubwa kazipanga kabatini pembeni ya buli, na kila Alhamisi anazisugua kwa ukwaju. Yeye anazifuta.