Pikipiki Inayozimikia Barazani

Mimi ni mtu mpole, na wanaonijua hapa Ngamiani, Tanga, watashuhudia kwamba sijawahi kugombana na mtu kwa sababu ya maji, mpaka wa kiwanja, wala kanga wa jirani wanaoanza kelele kabla ya adhana ya alfajiri. Lakini mwaka huu nimefikishwa mahali ambapo mtu akijiita fundi mbele yangu, presha hunipanda kabla hajamaliza kutaja ufundi wake ni wa nini. Sababu ni kitu cha ukubwa wa mkate wa bofulo, kiitwacho magneto, ambacho kimekaa nyuma ya silinda ya pikipiki aliyoniachia marehemu baba yangu.

Pikipiki yenyewe ni BSA M21 ya mwaka 1951, silinda moja, sentimita za ujazo 591, yenye nembo ya bunduki tatu zilizoegemezana, maana kampuni hiyo ya Birmingham ilianza na silaha kabla ya kuhamia kwenye baiskeli na pikipiki. Baba aliinunua mwaka 1962 kutoka kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akifungasha virago kurudi kwao Uingereza, na kwa jinsi alivyokuwa akiisimulia biashara ile, ungedhani ni yeye aliyemfukuza mkoloni kwa mkono wake mwenyewe na kubaki na chombo chake kama ngawira.

Ugonjwa wake ni huu. Asubuhi naibonyeza kabureta mpaka petroli itoe jasho, narudisha nyuma kidogo mkono wa kupangia cheche ulioko kwenye usukani, napiga kiki ya kwanza kwa heshima na ya pili kwa nguvu, nayo inawaka kwa mlio mzito wa taratibu, kama mzee anayekohoa akijua watu wanamsikiliza. Naelekea Amboni kutazama shamba langu. Kila kitu ni salama kwa kilometa sita hivi, kisha inaanza kukwama, inalipuka-lipuka kwenye ekzosi, na inazimika mbele ya baraza moja la kahawa lililo kando ya barabara. Si hatua hamsini kabla wala hatua hamsini baada. Ni pale pale. Nikisubiri nusu saa ipoe, inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea, na mimi ndiye ninayeonekana mwongo.

Siku ya kwanza wazee wa baraza walinipa pole, na siku ya pili walinisogezea kigoda. Kufikia wiki ya tatu muuza kahawa alikuwa akisikia mlio wangu kwa mbali, anamimina kikombe, anaweka kashata juu ya kisosi, na nikifika nimezimikiwa nakuta kila kitu tayari. Nikaanza kuwa na deni pale. Hadi leo wapo wazee wanaoamini kwamba suala la magneto ni kisingizio cha mtu anayekimbia nyumbani kwake.

Kwa faida ya wasioijua, magneto ni mtambo usiohitaji betri ili kutoa cheche. Kwenye M21 imebebeshwa dainamo ya taa mgongoni, ndiyo maana wenyewe waliuita mkusanyiko huo Magdyno, lakini taa zikifa na betri ikifa, magneto huendelea na kazi yake bila kumwomba mtu. Ndani yake mna sumaku, na kati ya sumaku huzunguka kiini cha chuma kilichosukwa nyaya mbili: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba kuliko unywele wenye mizunguko inayokaribia elfu kumi. Pointi, yaani vichuma viwili vinavyogusana na kuachana, zinapofunguka kwa mwanya wa theluthi moja hivi ya milimita, umeme wa waya mnene hukatika ghafla, na ule mwembamba hupiga kelele kwa mshtuko. Kelele hiyo ndiyo cheche ya plagi.

Sasa humo humo ndani ya kiini kinachozunguka, mahali pa siri kabisa, imefichwa kondensa. Kazi yake ni kumeza umeme unaotaka kuruka kwenye pointi, ili ukataji uwe wa ghafla kweli kweli. Hizi za zamani zilitengenezwa kwa karatasi na bati laini vilivyoviringishwa pamoja, na karatasi iliyokaa miaka sabini katika hewa ya bahari ya Tanga haiwezi kuwa na akili timamu. Ikiwa baridi hujikaza kiume. Ikipata joto la injini huvuja, cheche hudhoofu, na mwenye pikipiki huenda kunywa kahawa.

Nilikuja kuyajua haya baadaye sana, baada ya kuyalipia.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda mwenye gereji ya turubai, anayezijua Boxer na TVS kama anavyojua viganja vyake. Aliizunguka pikipiki mara mbili, akachuchumaa, akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mzee, betri ya kuwashia iko wapi?" Nikamwambia haina, haihitaji. Akanitazama kwa huruma ambayo watoto hututazama nayo tunapokosea kutumia simu, akasema, "Basi ndiyo sababu inazima." Alitafuta kisanduku cha elektroniki kwa dakika arobaini, chini ya kiti, chini ya tangi, hata ndani ya kasha la zana, na alipokikosa alihitimisha kwamba kimeibwa. Mwishowe akazisugua pointi kwa msasa, akapiga kiki, ikawaka. "Umeona mzee?" Nikalipa shilingi elfu kumi. Baada ya kilometa sita, kahawa na kashata.

Hapo ndipo penye mtego wa biashara hii yote, nami nausema kwa uchungu: magneto mbovu ikiwa mezani kwa fundi ni nzima. Imepoa, imetulia, ukiizungusha kwa mkono inatoa cheche ya buluu inayolia "ta!", na fundi anakunja mikono kifuani akisubiri malipo. Hakuna anayekubali kuichemsha kwanza ndipo aipime. Wa pili, niliyeelekezwa kwake Mombasa, alivuta cheche mbele ya macho yangu akaapa kwamba isipofanya kazi nimkate mkono. Nilivuka mpaka wa Horohoro kwenda na kurudi, nikalala kwa shemeji yangu usiku mmoja wenye maelezo mengi kuliko chakula, na nilipoifunga magneto na kuipanda barabarani, iliendelea kuzimikia pale pale. Nilipoifungua niligundua kwamba kazi aliyoifanya ni kuipaka ganda rangi ya fedha. Nakiri kwamba aliipaka vizuri.

Wa tatu alikuwa mtu mwaminifu, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi. Ni fundi wa kusuka mota za feni na pampu za maji hapa hapa mjini, mzee wa makamo, hanywi, hachelewi, na kabla ya kushika kazi hunawa mikono. Alikitoa kiini, akakiweka juu ya gazeti, akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akaanza kuufungua waya mwembamba akihesabu kwa sauti ya chini kama mtu anayevuta uradi. Alipofika mia nne waya ulikatika. Akaunga, akaendelea, ukakatika tena. Jioni aliniita, akaniambia kwamba waya wa aina ile hana, na kwamba mwembamba kabisa alionao ni wa feni ya mezani, ila anaweza kuusuka huo huo kwa mizunguko itakayotosha, na "utakuwa na nguvu zaidi, maana ni mnene." Nikamweleza kuwa mizunguko elfu kumi ya waya wa feni haitaingia humo hata tukiikanyaga kwa miguu. Akakubali, akanirudishia pesa zangu akabakiza bei ya soda.

Lakini kiini kilikuwa kimelala nje usiku mzima, na sumaku za zamani zikiachwa wazi bila kipande cha chuma cha kuziunganisha hupungua nguvu. Tena, beringi za magneto hii zimekalia vikaratasi vyembamba vya kuzuia umeme, na hivyo sikuviona. Nilipomuuliza, alishtuka: alivitupa jalalani asubuhi akidhani ni mabaki ya pakiti ya sigara, na kwa kuwa yeye havuti, alikuwa amekasirika hata kumtafuta aliyevuta sigara katika karakana yake.

Mke wangu, ambaye amevumilia mengi, aliniuliza usiku ule kama hakuna mtu duniani anayejua kazi hii. Nikamjibu kwamba wapo, ila wapo Uingereza. Akasema, "Basi yaleyale ya vita."

Alikuwa na haki kuliko alivyojua. Magneto ya umeme mkubwa ilikamilishwa mwaka 1902 katika karakana ya Robert Bosch kule Stuttgart, na mhandisi wake Gottlob Honold, na Waingereza waliridhika kuinunua kwa Wajerumani mpaka vita vilipozuka mwaka 1914, ndipo wakakumbuka kwamba magari, pikipiki na ndege zao vinawashwa kwa mtambo wa adui. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo walishusha majeshi hapa hapa Tanga, wakapigwa na Wajerumani, askari wao na nyuki, wakarudi melini. Kwa hiyo mtu aliyeko Tanga anayehangaikia magneto asijione mpweke. Wakubwa wa London walihangaika kabla yake, tena wao walikuwa na bajeti.

Nikawaandikia barua pepe mafundi watatu wa Uingereza. Wa kwanza alijibu kwamba amestaafu. Wa pili hapokei kazi kutoka nje ya nchi yake. Wa tatu alikubali, kisha akanitumia maswali ambayo sikuyapata hata nilipokwenda kuposa. Aina gani? Namba gani imepigwa mhuri kwenye ganda? Inazunguka kulia au kushoto, ukiitazama kutoka upande wa gia? Nilimwita mke wangu akasimama upande mmoja, mimi upande wa pili, nikaisukuma kiki kwa mkono. Yeye akaona kulia, mimi nikaona kushoto, tukabishana mpaka mtoto wa jirani akaja kuamua naye akaona kwamba haizunguki kabisa. Mwishoni yule Mwingereza alikuwa ameongeza kwa upole kwamba bei yake ni kwa magneto ambayo haijafunguliwa na mtu mwingine. Kwa iliyofunguliwa, kuna nyongeza. Nilikitazama kiini changu juu ya gazeti, na nywele zake za shaba zikining'inia kama za mtu aliyetolewa saluni kabla ya wakati.

Bei ilikuwa pauni 380 pamoja na nyongeza hiyo, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na laki mbili, kabla ya nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na ushuru wa kukomboa kitu changu mwenyewe kitakaporudi nchini kama mgeni. Kwa pesa hizo, nakiri, atasuka upya nyaya zote mbili, ataweka kondensa ya kisasa isiyojua joto, atabadili beringi na vikaratasi vyake, ataitia sumaku nguvu, na ataizungusha kwenye mashine yake kwa saa kadhaa ikiwa ya moto. Ya moto! Nilipolisoma neno hilo nililainika. Katika nchi tatu huyu ndiye mtu wa kwanza aliyeahidi kuipima ikiwa mgonjwa.

Nikauza mbuzi wawili. Kwenye ofisi ya vifurushi, dada wa kaunta aliniuliza kilichomo, nikasema magneto, akauliza ni nini, nikafanya kosa la kusema kwamba ni sumaku. Kalamu ikasimama. Vitu vyenye sumaku kali vina masharti yake kwenye ndege, na kwa haki, hakuna abiria anayetaka dira ya rubani igeukie kwenye mzigo wangu. Nikamweleza kwamba sumaku yangu haina nguvu tena, imeharibiwa na fundi feni. Hakuamini. Tukachukua kibanio cha karatasi, tukakishika jirani na boksi, hakikutikisika, na kwa mara ya kwanza nikalishukuru lile gazeti na usiku ule mmoja. Kisha akaniuliza thamani ya mzigo ili aijaze kwenye fomu. Nikafikiria mbuzi, Mombasa, msasa, rangi ya fedha na soda. Nikamwambia aandike "chuma chakavu".

Foleni ya yule Mwingereza ni ya miezi minane. Pikipiki imesimama ukumbini ikiwa na shimo nyuma ya silinda nililolifunika kwa mfuko wa plastiki, mke wangu ameanza kuanika khanga kwenye usukani, na tumepatana kwamba mkono wa kiki usitundikwe kitu, kwa heshima ya marehemu.

Wiki iliyopita muuza kahawa alimtuma kijana wa bodaboda kuja kuuliza kama naumwa. Nikaona aibu, nikapanda nyuma ya bodaboda hiyo hiyo kwenda kulipa deni, shilingi elfu mbili kwenda na nyingine kurudi. Wazee walinipokea kwa shangwe, kigoda kikasogezwa, nikawaeleza habari za Uingereza, za kondensa ya kisasa na za kupimwa ikiwa ya moto. Wakasikiliza kwa makini hadi mwisho. Kisha muuza kahawa akaweka birika chini polepole, akaniuliza kama hicho kifaa kikirudi kizima, nitakuwa nasimama wapi.