Afadhali mlingoti mtupu

Februari 6, Siku ya Wasami, watu wa asili wa huku kaskazini mwa Norwei, nilikuwa napita mbele ya jengo la manispaa hapa Tromsø, saa 9 alasiri. Mfanyakazi mmoja akaanza kushusha bendera. Nikasimama. Miguu ilisimama yenyewe, kama nimesikia filimbi ya mgambo. Wengine wote walinipita, maana huku hakuna anayesimama. Lakini yule bwana hakuiacha iguse theluji. Aliikunja, akaingia nayo ndani.

Huku kaskazini mwa Norwei, wakati wa giza la baridi, bendera ya serikali hupanda saa 4 asubuhi na kushuka saa 9. Tena ina siku zake: Mei 17, siku ya katiba yao ya 1814, Juni 7, walipovunja muungano na Sweden mwaka 1905, siku ya uchaguzi wa bunge. Siku nyingi za kawaida mlingoti uko mtupu, na sijasikia mtu akidai serikali imekufa.

Sasa kwetu Tanzania. Nilikuja likizo Desemba, nikapita ofisi ya kijiji. Kijani ya bendera imepauka, njano huioni, kamba imeungwa kwa waya. Buluu, ile tuliyoipata kwenye bendera ya Zanzibar mwaka 1964, imeliwa na upepo, zimebaki nyuzi. Usiku iko juu, mvua iko juu. Nikauliza kwa adabu, nikajibiwa mpya haijaletwa.

Najua mtakachosema. Huyu kaonja Ulaya, anakuja kutufundisha ustaarabu. Mwingine atasema zahanati haina dawa, wewe unalilia kitambaa. Ndugu yangu, zahanati hiyo ndiyo inayomtibu mama yangu mpaka leo, usinisimulie. Wewe nijibu hili: bendera ya chama pale tawini, hatua chache tu kutoka ofisi ya kijiji, mbona mpya? Mlingoti wake umepakwa hadi rangi. Kamba ile ilitoka wapi?

Wala sisemi Wanorwei wanatuzidi heshima. Hawatuzidi hata kidogo! Nimekua nikiona filimbi ikilia saa 12 jioni, mwenye baiskeli anashuka, mama mwenye kuni kichwani anasimama na mzigo wake, watoto tunaacha mpira unabingirika peke yake. Barabara nzima kimya mpaka kitambaa kifike chini. Nimezunguka miji mingi ya Ulaya, kitu kile sijakiona popote. Hicho ni chetu, na nikikikumbuka huku kifua kinajaa.

Ndiyo maana naumia. Unamsimamisha mtu mzima, shingo inamuuma kwa mzigo, halafu unamwonyesha tambara.

Basi kama mpya haijafika, ishusheni hiyo. Mlingoti ukae mtupu hata miezi mitatu. Mtaniuliza wageni watajuaje kwamba pale ni serikalini. Watajua mlango ukikutwa wazi saa 2 asubuhi na mtendaji akiwepo mezani.

Juni nakuja tena. Nimeshamwandikia mwenyekiti wa kijiji kumwomba ruhusa ninunue kamba nzuri na rangi ya mlingoti. Bendera yenyewe sinunui. Hiyo ni kazi ya serikali kuileta, na nitakwenda halmashauri kuiulizia mwenyewe.