Chuma Changu Kilipoota

Siku tatu mfululizo nilimwagilia chuma. Asubuhi ndoo, jioni ndoo, mbele ya baraza la wazee wasio na kazi ila kunitazama mimi.

Gari ni la umeme, Nissan Leaf kuukuu, betri yake yuniti 24 ilipokuwa mpya. Nyumba iko Jambiani, Unguja, haina umeme wa nguzo: paneli 8 za wati 450, inveta ya kilowati 5, betri ya volti 48. Chaja nimeiweka ampea 8, kama wati 1,840, jua la saa tano lalibeba lile huku likipiga mluzi. Hesabu zote zimekaa. Nachomeka: taa nyekundu. Eti hakuna ethi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini.

Nikanunua ethi rodi, chuma cha kupigilia ardhini, mita moja na nusu. Anayeijua ardhi ya kwetu keshaanza kucheka. Huku shimo la choo tu lataka mtaimbo na wiki nzima. Rodi ilizama sentimita 40, ikagota jiwe. Nikaitwanga nyundo, ikapinda kama ndoana. Fundi mmoja akaniambia kwa simu: ardhi kavu haishiki ethi, mwaga maji ya chumvi. Dawa ya kweli, ila si ya ugonjwa wangu.

Nikamwaga. Nyekundu. Nikazidisha chumvi. Nyekundu.

"Mwalimu," mzee mmoja akaniita kutoka barazani, "ukishavuna utatugaia?"

Mtoto wa jirani akaniletea samadi ya mbuzi kwenye kopo, kwa nia safi kabisa. Nikaona haya kumrudisha, nikaimwaga pale pale.

Siku ya nne akaja mpwa wangu, anafunga sola huko Paje. Rodi hata hakuitazama. Akatia mita kwenye soketi: waya wa moto na ethi, volti 116; nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi, 114.

"Mjomba, nyutro yako inaelea."

Umeme wa nguzo, nyutro hufungwa ardhini huko huko kwenye transfoma. Inveta inayojitegemea kama yangu haina wa kuifungia. Chaja ya gari huchungulia hilo kabla ya kupitisha umeme, na isiporidhika hugoma. Friji na feni hazijali, ndiyo maana miaka miwili sikushtuka. Ningeimwaga bahari nzima pale, taa isingebadilika rangi.

Kwanza akasoma kitabu cha inveta, maana nyingine zimeshafungwa humo ndani, na nyingine ukizifunga waziunguza. Yangu iliruhusu. Akazima kila kitu, akaunga nyutro na ethi kwa kipande cha waya wa kijani na manjano, kirefu kama kiganja, pahala pamoja tu, kabla ya swichi inayokata umeme ukivuja. Rodi akaing'oa, tukachimba mtaro tukalaza waya mtupu wa shaba, mita 10. Akapima tena: 230 na sifuri.

Taa kijani.

"Leo humwagilii?" wazee wakauliza.

Nikawaambia gari linachaji.

"Eeeh," mzee akawageukia wenzake. "Si nilisema? Samadi ile."