Bahari Imeiva

Leo asubuhi bahari ya Msangamkuu imetoka zambarau. Siyo zambarau ya kubishania, ile ya mtu kusema labda ni mwanga wa dirishani. Zambarau ya tunda, iliyoivia mtini, inayochafua shati. Mteja, bwana mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni, kaishika karatasi kwa ncha za vidole kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi, akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko tusi: "Mzee, mbona bahari imeiva?"

Nikamwambia arudi saa kumi. Nikafunga mlango, nikaketi, nikaitazama printa. Nayo ikanitazama kwa kile kijitaa chake cha kijani. Kijani hiyo inaiweza! Iambie sasa ikuwekee kijani hiyohiyo kwenye jani la mnazi uone.

Mnaonijua mnajua. Mimi ni karani mstaafu, nimegonga mihuri miaka 34 na hakuna hata mmoja uliokwenda upogo. Kiinua mgongo kilipotoka (msiniulize kilichelewa kiasi gani, nyote mna wazee nyumbani), wenzangu walinunua bajaji, wengine mikorosho, mmoja akaongeza mke. Mimi nikasema mtu aliyeshika kalamu anafanya kazi ya kukaa. Nikanunua printa ya leza ya rangi, ile kubwa inayotoa A3, imetumika ofisini Dar, "hali safi kabisa bosi." Ikaja Mtwara kwenye buti la basi. Mzigo ukakatiwa tiketi ghali kuliko yangu, na kila shimo la barabara nililisikia kifuani. Kuishusha, vijana wanne. Kuiingiza sebuleni, kabati la vyombo likahamia chumbani. Kiinua mgongo hicho, na tangu siku ile mgongo wangu haujainuka.

Mke wangu aliizunguka mara moja. "Inapoza?" Nikasema haipozi. "Inachemsha?" Hapo nikapata pa kujidai: ndani mna roli ya moto karibu nyuzi 200, inauyeyusha unga wa tona mpaka unagandia kwenye karatasi. Akafikiri kidogo. "Na chai huwezi kuchemshia?"

Ya umeme tuyaache. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, hapo tu, lakini printa yangu ikianza kupata moto taa ya sebuleni inasinzia, feni inapumua kama mgonjwa, na kimashine cha LUKU kinaanza kulia kama kifaranga. Leo sina nguvu ya kulizungumza hilo.

Tona ziko nne: nyeusi, njano, na zile mbili ambazo vijana wa steshenari wanaziita sayani na majenta, yaani mbingu ya saa nne asubuhi na pipi ya sikukuu. Moja ikiisha, zote zinagoma. Unataka barua nyeusi tupu, inakwambia njano imeisha. Kama msiba wa kijijini, kafa mmoja basi hakuna anayekwenda shamba.

Fundi wa kwanza alikuja akaipuliza kwa mdomo, akadai elfu thelathini. Wa pili hakuja, akadai nauli. Kijana wa dukani akaniuzia karatasi zinazong'aa, "za picha hizi mzee wangu," hakusema ni za printa za wino. Ile ngozi yake inayong'aa ikayeyukia ndani, ikagandia kwenye roli kama chapati kwenye kikaango kisicho na mafuta. Nyumba ilinuka siku mbili. Jirani alikuja kuuliza kwa heshima kama tunachoma ndara.

Lakini hayo yote ni rasharasha. Mvua yenyewe ilikuja Desemba, na ilikuja imevaa kanga.

Desemba mnaijua. Shule zimefungwa, hela ya korosho imeingia au inasemekana inaingia, na wali wanatoka. Wali wa unyago nasema, si wa nazi. Kila familia inataka mwali wake ukutani, amepambwa, mkubwa kuliko mwali wa jirani. Basi saa mbili asubuhi hodi. Bibi mmoja kutoka upande wa Tandahimba, nyakanga mwenyewe, yaani mkuu wa unyago, kanga kiunoni, kanga kifuani, ya tatu begani, na mfuko wa korosho za kukaanga mkononi. Kanizidi miaka mitano tu, labda sita, lakini nikajikuta namwamkia shikamoo. Kuna watu huwaamkii kwa umri, unawaamkia kwa uzito.

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe wa mapicha?"

Picha ilikuwa kwenye simu ya mjukuu, imekuja kwa WhatsApp. Mjukuu katumiwa na shangazi, shangazi katumiwa na mjomba, na kila ilipopita imekamuliwa, mpaka kwangu imefika tui la tatu. A3 ikitaka kutoka safi inahitaji nukta kama 3,508 kwa 4,961. Hii ilikuwa na nukta za kutosha stempu. Tukapiga simu huku na huku hadi tukampata aliyeipiga, akaituma upya kama dokumenti. Saa nzima imekwenda. Korosho zimefika nusu, na mimi sijakaribishwa hata moja.

Nikachapa. Mwali akatoka wa manjano.

Bibi akavaa miwani. "Huyu ana homa gani?"

Nikapunguza njano. Akatoka mwekundu wa waridi, kama kalia usiku kucha. Nikapunguza majenta. Akatoka kijani. "Sasa umemuua," bibi akasema, akaweka korosho nyingine mdomoni.

Hapo nikajitia usomi. Nikamweleza kwamba simu inawaka yenyewe, rangi zake ni taa, nyekundu na kijani na bluu, lakini karatasi haina taa, inangoja mwanga wa nje uipige ndipo urudi machoni, kwa hiyo ziko rangi za kwenye simu ambazo karatasi haitazifikia hata uifanyeje. Nilieleza vizuri. Hata mimi nilijisikiliza.

"Kwa hiyo," akasema, "mjukuu wangu ni mzuri kwenye simu tu?"

Niliwahi kuulizwa maswali na wakaguzi wa mahesabu, sikuwahi kukosa jibu namna ile.

Akaivua ile kanga ya begani. Kumbe ndiyo aliyoivaa mwali kwenye picha. Akaitandaza juu ya printa, akaweka karatasi yangu kando yake, akaupitisha mkono mara mbili. "Nyekundu yangu hii hapa. Yako ya tofali." Mwanamke aliyechagua kanga miaka hamsini humdanganyi rangi, ananusa. Nikachapa ya nne. Nikachapa ya tano. Nyekundu ikaanza kuja, lakini imekuja na mabaka, kama ukuta wa chokaa uliopigwa na mvua ya mwaka. Kwenye nywele nyeusi unga haukushika, mwali ana mvi. Pembe za karatasi zimejikunja. Ya sita ikakwama humo ndani.

Basi nikapiga magoti. Mimi, karani mwandamizi, niliyewahi kupewa cheti na soda mbele ya watu. Kichwa kimezama kwenye mlango wa nyuma wa printa, matako yanamtazama mgeni, mkono unapapasa gizani mpaka umepata mguu wa mwali, ninavuta.

"Taratibu," bibi akaniambia, kwa sauti iliyobadilika kabisa, sauti ya kazini. "Mwali havutwi."

Nikamtoa vipande viwili.

Nilipoinuka nilimkuta kainamia rimu yangu, ambayo ilikuwa wazi, sakafuni, chini ya dirisha la upande wa bahari. "Karatasi zako unaanikia wapi?" Nikadhani sikusikia. Akachomoa moja, akaipeleka sikioni, akaitikisa.

Nyie watu wa huku hamhitaji kuelezwa. Korosho iliyokauka ukiitikisa inalia. Isiyokauka inanyamaza, na ghalani wanakurudishia gunia lako mbele za watu. Karatasi yangu ilining'inia kimya kama kitambaa cha kufutia meza.

"Mbichi," akasema. "Hii hata daraja la pili wanaikataa."

Miezi minne! Miezi minne navuta vishale vya rangi kushoto na kulia, nasoma kitabu cha maelekezo ambacho nusu yake ni Kitaliano, namlipa mtu elfu thelathini anipulizie. Kumbe karatasi inakunywa hewa ya pwani kama mlevi. Tona inarushwa kwenye karatasi kwa nguvu ya chaji ya umeme, na karatasi yenye unyevu haiishiki hiyo chaji, ndiyo yale mabaka. Halafu ikifika penye moto yale maji yanatoka kwa kishindo, karatasi inajikunja, inakwama. Nililikuta baadaye kitabuni, ukurasa wa mwisho kabisa, kwa herufi za chungu wadogo. Na yule kijana anayeniuzia karatasi, na fundi mwenye mapafu, hakuna aliyenitamkia neno unyevu. Mtwara hii! Ambako chumvi haimwagiki na kiberiti kinawaka kwa dua! Nilitaka kulia, nawaambieni, si kwa utani. Tona nne ukizijumlisha ni pensheni ya miezi mingapi sijui, sitaki kujua.

Tukaanika. Karatasi ishirini uani, kila moja na jiwe lake. Jua la Desemba likazikausha barabara, likazikunja kama majani ya tumbaku, zikakwama zote. Bibi akasema hapo sasa ni mashine yako.

Jioni nilikwenda kununua rimu mpya, nzito, ya gramu 120, nikaifungua palepale mbele yake kama mtu anayefungua sanduku la kura. Nikaiambia printa kwamba karatasi ni nene, maana usipoiambia inakimbia, unga hauyeyuki sawasawa, na mteja anaondoka na nusu ya picha kwenye kidole gumba. Ikaenda polepole, ikakoroma. Mwali akatoka. Kahawia yake, nywele zake, macho yake. Bibi akalaza kanga pembeni, akatazama muda mrefu sana.

"Inakaribia," akasema.

Akalipa ya picha moja. Zile nyingine akasema ni ada yangu ya mafunzo. Akazichukua lakini, za manjano na za kijani, kuna binti yake anauza vitumbua.

Tangu hapo rimu zangu zinaishi kwenye pipa la mchele la mke wangu. Ndoo haikufaa, A3 ni sentimita 29.7 kwa 42, hailali na haisimami. Pipa lina mfuniko wa kubana, na mchele mkavu unavuta unyevu, kila mwenye kichupa cha chumvi anajua. Nilijieleza hivyo. Mke wangu alisema mchele wa Kyela haukusafiri kote kule kuja kulala na karatasi. Amesema pia wali wa nyumba hii siku hizi una ladha ya ofisi. Mama mkwe alipokuja akakuta mhudumu anachota kikombe kimoja cha mchele na shiti kumi za A3 kutoka pipa moja, hakuuliza kitu, na hilo la kutouliza bado linazungumzwa.

Sasa turudi kwenye bahari. Karatasi ya leo ilikuwa inalia, daraja la kwanza. Kwa hiyo zambarau si ya unyevu. Bluu kwenye mashine hizi haipo, inapikwa kwa sayani na majenta, na majenta ikizidi punje tu, bahari inaiva. Nikapunguza majenta. Bahari ikarudi, mchanga ukawa kijani, watoto wa ufukweni wakawa wagonjwa. Nikarudisha kidogo. Mchanga ukapona, mawingu yakapata haya. Ya saba ndiyo ikakubali, ukiitazama bila miwani na ukiwa na nia njema. Nikaiweka mezani ipoe.

Katikati ya maji kuna doa. Jeusi, refu kidogo, limechongoka mbele. Nikalikwaruza kwa ukucha, halitoki. Nikaleta miwani.

Fukusi. Fukusi wa kwenye mchele, kapanda karatasi, kapita penye moto wa nyuzi 200, kabanwa, kapigwa pasi, kawa sehemu ya Bahari ya Hindi milele. Na saa kumi hiyo, mteja huyo mlangoni, na mimi sina hata karatasi ya nane.

Kaishika picha. Kaisogeza dirishani. Kainyamazia. Mimi nimeangalia viatu vyangu.

"Mzee," akasema, "hii ngalawa uliiona saa ngapi?"

Nikasema alfajiri.

"Ndiyo imeitengeneza picha. Ile ya kwanza ilikuwa maji matupu." Akatoa hela, akahesabu, akaongeza ya soda. "Zile nne zilizobaki, nitilie ngalawa zote. Nakuja kesho saa nne."

Nimekwenda kwenye pipa. Mke wangu mchana huu, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, kapepeta mchele wote, punje kwa punje, mweupe pe, hakuna mdudu. Nimetoka mpaka dukani kwa Mpemba kumuuliza kwa adabu kama ana mchele wenye fukusi, hata robo kilo. Kakasirika vibaya. Anasema dukani kwake vitu hivyo havijawahi kuingia, na kama nimeambiwa na jirani yake wa ng'ambo nimwambie aliyenituma aje mwenyewe.